Darubini Haikuanza na Galileo: Kilichotokea Uholanzi Mwaka 1608

Kila Ramadhani inapokaribia, na tena siku za kuelekea Idi, mjadala wa mwandamo wa mwezi huzuka upya misikitini, redioni na katika makundi ya simu: je, mwezi ulioonekana kwa darubini unahesabika sawa na ule ulioonekana kwa macho matupu? Hukumu ya jambo hilo ni ya wanazuoni, na makala haya hayataigusa. Lakini katikati ya mjadala hupita madai mengi kuhusu chombo chenyewe, na madai hayo yanapingana. Mmoja atasema darubini ilibuniwa na Galileo, Mwitaliano. Mwingine atajibu kwamba ni kazi ya Ibn al-Haytham wa Basra, aliyewatangulia Wazungu kwa miaka mia sita. Wa tatu atasimulia habari ya fundi miwani wa Kiholanzi na watoto waliokuwa wakichezea vioo dukani kwake. Watu wanaosambaza habari hizi hawana nia mbaya, ila zimechanganya mambo matatu ambayo yafaa yatenganishwe: nani aliyeelewa mwanga, nani aliyetengeneza chombo, na nani aliyekielekeza angani akaandika alichokiona.

Tuanze na maana. Darubini inayozungumziwa hapa ni chombo cha kutazamia vitu vilivyo mbali, kama meli baharini au nyota angani, na isichanganywe na hadubini, ambayo hukuza vitu vidogo sana vilivyo karibu. Ndani ya darubini za mwanzo kulikuwa na lenzi mbili tu. Lenzi ni kipande cha kioo angavu kilichosagwa kwa umbo maalumu ili mwanga unaopita ndani yake upinde. Ikiwa imevimba katikati na kuwa nyembamba kingoni, huitwa lenzi mbinuko, nayo hukusanya mwanga. Hii ndiyo lenzi ya miwani ya kusomea ambayo wengi wetu huanza kuihitaji tukishavuka miaka arubaini. Ikiwa imebonyea katikati na kuwa nene kingoni, huitwa lenzi mbonyeo, nayo hutawanya mwanga. Hutumika katika miwani ya watu wasioona mbali. Ukiishika lenzi mbinuko juani juu ya karatasi, utafika umbali fulani ambapo mwanga wote hukutana katika nukta moja yenye joto la kuweza kuchoma. Nukta hiyo huitwa fokasi, na umbali kutoka kwenye lenzi hadi hapo ndio umbali wa fokasi. Lenzi iliyovimba kidogo ina umbali mrefu wa fokasi na huhesabiwa kuwa dhaifu. Iliyovimba sana ina umbali mfupi na huhesabiwa kuwa kali.

Kwa istilahi hizo chache, chombo chenyewe kinaeleweka. Lenzi mbinuko dhaifu huwekwa mbele, lenzi mbonyeo kali huwekwa karibu na jicho, na zote mbili hupangwa katika mstari mmoja ndani ya bomba. Mwanga utokao kwenye meli iliyo mbali hupita lenzi ya mbele na kuanza kujikusanya kuelekea fokasi, lakini kabla haujafika huko hukutana na lenzi mbonyeo, ambayo huunyoosha tena. Katika kupindwa na kunyooshwa huko, pembe ambayo meli inaichukua machoni petu huwa kubwa kuliko ilivyokuwa. Kwa hiyo si sahihi kusema kwamba darubini huvuta kitu kikaja karibu. Meli iko pale pale ilipokuwa. Kilichobadilika ni upana wa pembe ambayo mwanga wake unaingilia jichoni, na ubongo hulitafsiri badiliko hilo kama ukaribu.

Kiasi cha kukuza hupatikana kwa hesabu moja: umbali wa fokasi wa lenzi ya mbele hugawanywa kwa ule wa lenzi ya jicho. Mojawapo ya darubini za Galileo zilizohifadhiwa Florence ina lenzi ya mbele yenye umbali wa fokasi wa takribani sentimita 98 na lenzi ya jicho yenye umbali unaokaribia sentimita 5. Gawanya, na utapata kwamba hukuza mara 20 hivi.

Kukuza, hata hivyo, ni nusu tu ya kazi. Darubini pia hukusanya mwanga, na kwa mtu anayetazama anga hii ndiyo nusu iliyo muhimu zaidi. Ukiweka kikombe na beseni nje wakati mvua inanyesha, matone yanayoangukia vyote viwili ni ya mvua ile ile, lakini beseni hupata maji mengi kwa sababu mdomo wake ni mpana. Mboni ya jicho ni kikombe. Hata usiku wa giza nene haipanuki zaidi ya milimita chache. Lenzi ya mbele ikiwa pana kuliko mboni, hukinga mwanga mwingi zaidi na kuupeleka wote jichoni, na nyota zilizokuwa hafifu mno kuonekana hujitokeza.

Sasa, ikiwa kinachohitajika ni lenzi mbili na bomba, kwa nini dunia ilingoja mpaka mwaka 1608? Swali hili lina uzito kuliko lile la nani alikuwa wa kwanza, na jibu lake huanzia kwenye miwani.

Miwani ilianza kutengenezwa Italia karibu na mwaka 1286. Ushahidi ni mahubiri: mwaka 1306 mtawa Giordano wa Pisa aliwaambia waumini wa Florence kwamba haijatimia miaka ishirini tangu ufundi wa kutengeneza miwani upatikane, na kwamba yeye mwenyewe aliwahi kumwona mtu aliyeitengeneza mara ya kwanza na kuzungumza naye. Miwani hiyo ilikuwa ya lenzi mbinuko, kwa ajili ya watu ambao macho yao yamechoka kusoma. Miwani ya lenzi mbonyeo ilifuata baadaye, na kufikia katikati ya karne ya 15 ilikuwa bidhaa ya kawaida. Barua ya mwaka 1462 ya Francesco Sforza, mtawala wa Milan, inaagiza miwani kutoka Florence kwa dazeni: dazeni moja ya kuonea mbali kwa vijana, nyingine ya kuonea karibu kwa wazee. Maana yake ni kwamba lenzi zote mbili zinazohitajika kwa darubini zilikuwa juu ya meza moja ya fundi karibu miaka 150 kabla ya darubini kujulikana. Ni vigumu kuamini kwamba katika muda wote huo hakuna fundi wala mteja aliyewahi kushika moja mbele ya nyingine na kuchungulia.

Bila shaka walichungulia. Tatizo ni kwamba hawakuona kitu cha maana, na sababu zake ni mbili.

Ya kwanza ni ukali wa lenzi. Ili chombo kikuze, lenzi ya mbele lazima iwe dhaifu na ya jicho iwe kali. Wateja wa miwani walihitaji kinyume chake: mzee anahitaji lenzi mbinuko yenye nguvu ya kutosha kusomea, na kijana asiyeona mbali mara nyingi hutosheka na lenzi mbonyeo ya wastani. Ukichukua jozi kama hiyo kutoka dukani, hesabu ya kugawanya haitoi zaidi ya mara moja na nusu au mbili, na hilo ni badiliko dogo mno kumshangaza mtu.

Ya pili ni ubora wa kioo na wa usagaji, na hapa inafaa tusimame kidogo tuangalie mikono ya fundi. Kipande cha kioo kilibandikwa kwa lami kwenye mpini, kikasuguliwa ndani ya bakuli la chuma lenye mchanga na maji mpaka kikachukua umbo la bakuli. Kisha kikasuguliwa tena kwa unga laini zaidi, na mwisho kikang'arishwa kwa kitambaa. Katika hatua hiyo ya mwisho, mkono unaokwenda na kurudi hugandamiza kingo kuliko katikati, na umbo la mviringo lililopatikana kwa taabu huharibika pembeni. Ongeza viputo na mistari iliyokuwamo ndani ya kioo chenyewe. Kwa miwani kasoro hizo hazikuwa na madhara makubwa, kwa kuwa jicho hutumia sehemu ndogo tu ya lenzi kwa wakati mmoja, eneo lisilozidi upana wa mboni. Darubini hutumia lenzi nzima kwa pamoja, na kila kosa la kingoni hutupa mwanga mahali pasipo pake. Halafu lenzi ya jicho hulikuza kosa hilo pamoja na picha, na mtazamaji huona ukungu.

Mtafiti Rolf Willach, aliyepima idadi kubwa ya lenzi za kale na kuchapisha matokeo yake mwaka 2008, anaona kwamba ufunguo ulikuwa kifuniko chenye tundu. Ukiiziba lenzi ya mbele kwa kipande cha karatasi ngumu kilichotobolewa katikati, mwanga wa kingoni unazuiwa, na picha, ingawa inafifia, inakuwa safi. Mtu aliyefanya hivyo alipoteza sehemu kubwa ya mwanga wake, akapata picha inayosomeka. Mimi naliona elezo hili kuwa lenye nguvu kuliko mengine yote, kwa sababu linajibu maswali mawili kwa mpigo: kwa nini chombo kilichelewa hivyo, na kwa nini kilipotokea kiliigwa haraka na kila aliyekisikia. Darubini za Galileo zilizobaki nazo zina vifuniko vya aina hiyo hiyo.

Wiki chache za mwaka 1608

Mji wa Middelburg, katika jimbo la Zeeland, ulikuwa mji wa biashara uliojaa meli na fedha. Tangu miaka ya 1580 ulikuwa na kiwanda cha kioo kilichofuata ufundi wa Italia, na ulikuwa umepokea wakimbizi wengi wenye ujuzi waliotoka Antwerp baada ya mji huo kutekwa na Wahispania mwaka 1585. Mmoja wa mafundi miwani wake alikuwa Hans Lipperhey, mzaliwa wa Wesel, Ujerumani.

Tarehe 25 Septemba 1608, washauri wa jimbo la Zeeland waliwaandikia wajumbe wao walioko The Hague, wakiwaomba wamsaidie mtu aliyebeba barua hiyo, kwa kuwa anadai kuwa na chombo ambacho kwacho vitu vilivyo mbali sana huonekana kana kwamba viko karibu, kwa kutazama kupitia vioo. Hii ndiyo hati ya zamani kuliko zote inayotaja darubini halisi, iliyokwisha kutengenezwa na iliyo tayari kuonyeshwa.

Lipperhey alifika The Hague wakati mzuri kuliko angeweza kupanga. Uholanzi ilikuwa imepigana na Hispania kwa miongo minne, na sasa pande mbili zilikuwa mezani zikijadili kusitisha vita. Jemadari wa upande wa Hispania, Ambrogio Spinola, alikuwa mjini humo humo. Chombo kilipandishwa juu ya mnara wa makao ya Maurits wa Nassau, kiongozi wa majeshi ya Uholanzi, na kijarida kilichochapishwa Oktoba mwaka huo kinaeleza kwamba kutoka The Hague watu waliona vizuri saa ya mnara wa Delft na madirisha ya kanisa la Leiden, mji ulio umbali wa zaidi ya kilomita 15. Spinola alioneshwa chombo hicho, naye alielewa mara moja maana yake kwa mtu wa vita: kuanzia sasa adui angeweza kumwona kabla yeye hajamwona adui. Kijarida hicho kinaongeza, kwa maneno machache, kwamba hata nyota ambazo kwa kawaida hazionekani zinaweza kuonekana kwa chombo hicho. Galileo alikuwa bado hajasikia habari yoyote.

Tarehe 2 Oktoba, Baraza Kuu la Majimbo, yaani bunge la Uholanzi ya wakati huo, lilijadili ombi la Lipperhey. Alitaka hataza ya miaka 30, yaani haki ya kisheria ya kuwa yeye pekee anayeruhusiwa kukitengeneza chombo hicho, au badala yake malipo ya kila mwaka. Wajumbe walipendezwa, wakamtaka atengeneze cha kutazamia kwa macho mawili, tena kwa lenzi za fuwele ya mwamba. Kwa fundi wa wakati ule sharti hilo lilikuwa gumu sana, kwa sababu bomba mbili lazima zilingane kwa kila kipimo, la sivyo macho huona picha mbili. Aliweza.

Lakini hataza hakuipata. Tarehe 14 Oktoba, Zeeland iliarifu kwamba kuna kijana mwingine Middelburg anayeujua ufundi huo. Siku tatu baadaye likajadiliwa ombi la Jacob Metius wa Alkmaar, aliyedai kwamba naye amekuwa akikishughulikia chombo kama hicho na kwamba chake si duni kuliko cha fundi wa Middelburg. Alipewa gulda 100 ili aendelee kukiboresha. Tarehe 15 Desemba, Baraza lilikikubali chombo cha macho mawili cha Lipperhey, likamlipa na kumwagiza atengeneze vingine viwili, na papo hapo likamnyima hataza kwa hoja kwamba watu kadhaa tayari wanaujua uvumbuzi huo. Hoja hiyo ilikuwa ya haki. Chombo ambacho siri yake yote ni vioo viwili na umbali kati yake hakifichiki: kila mwenye akili anayekitazama kwa dakika chache anaweza kurudi nyumbani akakijaribu.

Na ndivyo ilivyotokea. Katika majira ya kupukutika majani ya mwaka huo huo, kwenye maonyesho ya biashara ya Frankfurt, Mholanzi mmoja alijaribu kumuuzia darubini Johann Philipp Fuchs von Bimbach, mtu wa kijeshi kutoka Ujerumani. Lenzi yake ilikuwa na ufa, na bei aliyotaka ilikuwa kubwa mno, biashara ikavunjika. Kufikia mwisho wa Aprili 1609, darubini zilikuwa zikiuzwa na fundi miwani kwenye daraja mojawapo la Paris.

Madai mengine, na uzito wake

Jina linalotajwa mara nyingi kama mshindani wa Lipperhey ni Zacharias Janssen, naye wa Middelburg, na baadhi ya vitabu bado humpa heshima ya kubuni darubini na hadubini pia. Chanzo cha dai hilo ni uchunguzi uliofanyika mwaka 1655, karibu miaka 50 baada ya tukio. Balozi Willem Boreel, mzaliwa wa Middelburg, aliiomba halmashauri ya mji imtafutie ukweli, na Johannes, mwana wa Zacharias, akaapa kwamba baba yake alikitengeneza chombo mwaka 1590. Zacharias alizaliwa katikati ya miaka ya 1580. Mtoto wa miaka mitano hivi hasagi lenzi. Inajulikana pia kwamba Zacharias alihukumiwa kwa kughushi sarafu, jambo ambalo halithibitishi kwamba hakubuni darubini, lakini halimwongezei mtu imani katika ushahidi wa nyumba yake. Huenda alikuwa ndiye yule kijana wa barua ya Oktoba 1608. Zaidi ya hapo hati hazisemi, na nyingi za hati za Middelburg ziliteketea mji ulipowaka moto Mei 1940, katika Vita vya Pili vya Dunia. Tunayoyajua kutoka humo tunayajua kwa sababu wanahistoria waliyanakili kabla ya hapo.

Hadithi ya watoto wawili waliokuwa wakichezea lenzi dukani na kuona mnara wa kanisa umekuwa mkubwa inapendeza, na ndiyo maana imedumu. Haimo katika hati yoyote ya mwaka 1608.

Giambattista della Porta wa Napoli ana haki ya kutajwa kwa heshima zaidi. Mwaka 1589 aliandika kwamba kwa kuunganisha lenzi mbonyeo na lenzi mbinuko, mtu anayejua kuzipanga ataona vizuri vilivyo mbali na vilivyo karibu. Alikuwa mlangoni kabisa. Kinachokosekana ni chombo: hakuna ushahidi kwamba wakati huo alikuwa nacho kinachofanya kazi.

Tufike sasa kwa Ibn al-Haytham, maana dai hili ndilo lenye wapenzi wengi miongoni mwetu, na linastahili kujibiwa kwa uangalifu. Alizaliwa Basra yapata mwaka 965 na akafanya kazi kubwa ya maisha yake Kairo, alikofariki karibu na mwaka 1040. Katika Kitab al-Manazir alionyesha, kwa majaribio na kwa hesabu, kwamba tunaona kwa sababu mwanga hutoka kwenye vitu na kuingia jichoni, akiipinga nadharia ya kale kwamba jicho ndilo linalotoa miale. Alichunguza jinsi mwanga unavyoakisiwa na vioo na unavyopinda ukipita kwenye maji na kioo. Kabla yake kidogo, Ibn Sahl wa Baghdad alikuwa ameshaandika, mwaka 984 hivi, kanuni sahihi ya kupinda kwa mwanga, na akaitumia kuchora umbo la lenzi za kuchomea. Kitabu cha Ibn al-Haytham kilitafsiriwa kwa Kilatini, kikachapishwa Basel mwaka 1572, na kila mwanazuoni wa Ulaya aliyeandika kuhusu macho na mwanga, mtaalamu wa nyota Mjerumani Johannes Kepler akiwemo, alisimama juu ya msingi huo.

Lakini darubini hakutengeneza, wala hakudai. Hata baada yake, vituo vikubwa vya kutazama nyota katika ulimwengu wa Kiislamu, kile cha Maragha kilichoanzishwa mwaka 1259 chini ya Nasir al-Din al-Tusi na kile cha Ulugh Beg mjini Samarkand katika karne ya 15, vilifanya kazi kwa macho matupu, vikisaidiwa na vipimo vikubwa vya pembe vilivyojengwa kwa mawe. Usahihi walioupata kwa njia hiyo ni wa kustaajabisha. Kumpa Ibn al-Haytham chombo ambacho hakukitengeneza hakumwongezei kitu, na huwafanya watu wasahau alichokifanya kweli, ambacho ni kikubwa zaidi: aliweka kanuni ya kwamba nadharia ya mwanga lazima ijaribiwe.

Basi Galileo alifanya nini?

Galileo Galilei alikuwa profesa wa hisabati Padua, mwenye umri wa miaka 45, alipopata habari za chombo cha Waholanzi katika miezi ya kati ya mwaka 1609. Yeye mwenyewe aliandika waziwazi kwamba alisikia habari za Mholanzi. Hakudai kuwa wa kwanza. Cha kwanza alichotengeneza kilikuza mara tatu hivi, sawa na vile vilivyokuwa vikiuzwa mitaani. Kufikia Agosti alikuwa na kinachokuza mara nane, akawapandisha wakuu wa Venice kwenye mnara wa San Marco wakaone meli saa mbili au zaidi kabla hazijaonekana kwa macho matupu. Kwa mji ulioishi kwa biashara ya bahari na kwa hofu ya kuvamiwa, muda huo ulikuwa mali, na mshahara wake ukapandishwa. Kufikia Novemba alikuwa na kinachokuza mara 20.

Alifikaje huko? Ipo karatasi aliyoandikia mwenyewe, nyuma ya barua aliyoipokea, orodha ya vitu vya kununua Venice. Kuna mchele, dengu, sukari na pilipili manga, na kuna ndara na kofia za mwanawe Vincenzo. Katika orodha hiyo hiyo kuna risasi mbili za mzinga, yaani tufe za chuma, bomba la bati la kinanda, kioo cha Kijerumani kilichong'arishwa, fuwele ya mwamba, vipande vya kioo cha kujitazamia, lami, na unga wa kung'arishia. Risasi ya mzinga ina umbo la mviringo lililo tayari, na hiyo ndiyo inayohitajika kwa kusagia upande uliobonyea wa lenzi ya jicho. Hapa tunamwona mtu aliyeelewa kwamba maduka ya miwani hayana lenzi anazozihitaji, akaamua kuzisaga mwenyewe, na kuzikataa nyingi mpaka apate nzuri. Ubunifu wake mkubwa katika historia ya chombo hiki ulikuwa huo wa kuinua ubora, na mimi siuoni kuwa mdogo kuliko ule wa Lipperhey.

Hakuwa hata wa kwanza kuelekeza darubini mwezini. Mwingereza Thomas Harriot alichora mwezi kwa msaada wa darubini ya kukuza mara sita mwishoni mwa Julai 1609, kwa kalenda iliyotumika Uingereza wakati huo, miezi minne kabla ya Galileo. Mchoro wake ni mstari wa mpaka wa giza na nuru na madoa machache, na hakuuchapisha. Galileo, aliyekuwa na mafunzo ya uchoraji, alipouona mpaka huo ukiwa umekwaruzika na nukta za mwanga zikielea upande wa giza, alitambua kwamba ni vilele vya milima vinavyopigwa na jua kabla ya mabonde. Usiku wa tarehe 7 Januari 1610 aliona nyota tatu ndogo kando ya sayari ya Mshtarii. Akazifuatilia usiku baada ya usiku, ikaonekana ya nne tarehe 13, na akafikia uamuzi kwamba ni miezi inayoizunguka sayari hiyo. Katika Kilimia, kundi ambalo wakulima na mabaharia wa pwani yetu wamelitumia kupimia majira na ambalo jicho zuri huhesabu nyota sita, alichora 36. Machi 1610 matokeo yote yalikuwa yamechapishwa katika kitabu chembamba cha Kilatini, nakala 550.

Darubini hiyo ilikuwa na kizuizi kimoja kikubwa: uwanja wake wa kuona ulikuwa mwembamba kiasi kwamba mwezi mzima haukuenea ndani yake, na mtazamaji alilazimika kuupitia kipande kwa kipande. Ufumbuzi ulitoka kwa Johannes Kepler mwaka 1611. Alieleza kwa hesabu kwamba lenzi ya jicho nayo inaweza kuwa mbinuko, ikiwekwa nyuma ya mahali mwanga unapokutana badala ya mbele yake. Picha hupinduka juu chini, kasoro isiyo na uzito kwa mtazama nyota, na uwanja wa kuona hupanuka sana. Christoph Scheiner, padri wa Kijesuiti aliyechunguza madoa ya jua, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuutumia mpango huo, na hatimaye ulichukua nafasi ya ule wa Galileo.

Lililobaki lilikuwa tatizo la rangi. Lenzi moja hupinda nuru ya buluu zaidi kuliko nyekundu, kwa hiyo kila nyota huzungukwa na pete ya rangi, na dawa pekee iliyojulikana ilikuwa kutumia lenzi dhaifu sana zenye umbali mrefu sana wa fokasi. Johannes Hevelius wa Gdańsk alifika hatua ya kujenga darubini yenye urefu wa mita 46 hivi, iliyoning'inizwa kwenye mlingoti kwa kamba na kuyumba kwa kila upepo. Isaac Newton aliliepa tatizo hilo mwaka 1668 kwa kuiondoa lenzi ya mbele na kuweka mahali pake kioo cha kuakisi kilichobonyea, kwa kuwa kioo huakisi rangi zote kwa pembe moja. Darubini yake ilikuwa na urefu wa sentimita 15 tu. Lenzi ziliendelea kushindana na vioo kwa zaidi ya miaka mia mbili, mpaka darubini ya Yerkes, nchini Marekani, ilipokamilika mwaka 1897 ikiwa na lenzi ya upana wa mita moja. Kuzidi hapo haikuwezekana kwa manufaa: lenzi hushikwa kingoni pekee ili mwanga upite, na ikiwa kubwa hivyo hulemewa na uzito wake yenyewe na kupinda, ilhali kioo cha kuakisi chaweza kuegemezwa kwa nyuma na hata kuunganishwa kwa vipande, kama ile darubini ya SALT iliyoko Sutherland, Afrika Kusini, ambayo kioo chake cha mita 11 kimeundwa kwa vipande 91.